Shamba Karibu na Lami

Injini ilianza kukohoa tukiwa juu ya Ngoliba, asubuhi moja ya Julai yenye baridi na mawingu. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha adabu, kama cha mtu anayetaka kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Kisha nguvu zikapungua, na ile ndege ndogo ya mafunzo, yenye viti viwili na mlango unaofungwa kama wa kabati, ikaanza kushuka bila kuombwa.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Wenzangu wa umri huo hununua ng'ombe wa maziwa. Mimi nilijiandikisha kujifunza urubani, na mwalimu wangu alikuwa binti wa Kakamega, rika la kifungua mimba wangu, aliyeniita mzee kwa heshima na kunikaripia kwa heshima hiyo hiyo.

Alichukua usukani, akainamisha pua ya ndege kidogo tusipoteze mwendo, akavuta kitasa cha kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Alishuku imeshika barafu. Mimi akaniachia kazi moja tu: nitafute shamba la kutua, haraka, kabla ardhi haijatuchagulia yenyewe.

Nikatazama chini. Sasa, mtu aliyeishi Ruiru miaka ishirini hawezi kutazama ardhi tupu kwa macho ya rubani. Jumapili zangu nyingi, baada ya kanisa, huishia kwenye ploti zinazouzwa nikikagua mawe ya mipaka. Shamba la kwanza nililikataa kwa sauti kwa sababu lilikuwa mbali na barabara. La pili lilikuwa na udongo mweusi, ule unaopasua nyumba. La tatu lilinifurahisha.

"Lile pale," nikasema. "Liko karibu na lami, na stima imefika mpaka ndani."

Mwalimu akatazama nguzo na nyaya zilizokatiza shamba zima, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, tunatua ama tunajenga?"

Injini ikatetemeka vibaya kuliko awali, nami nikaanza kumwahidi Mungu mambo ambayo mke wangu amekuwa akiyadai tangu harusi. Tulishuka hadi nikaona mbuzi, kisha nikaona kamba ya mbuzi. Hapo barafu ikaisha kuyeyuka, na injini ikanguruma kana kwamba haijafanya lolote.

Tulirudi uwanjani. Alipozima injini akanigeukia. Nikaandaa uso wa kufokewa.

"Lile la kwanza," akasema, "lilikuwa refu, tambarare, halina hata mti. Hapo ndipo tungepona."

Nikakubali kosa. Akafungua mkanda, akatazama kioo cha mbele.

"Na hilo lako la stima, unafikiri mwenyewe anauza?"