Mwalimu wa Kompyuta na Vipicha Vilivyofutwa

Jumatano alasiri tulimzika hapa Dodoma mwalimu wa kompyuta ambaye wengi wenu hamkumjua, na mliomjua mtamkumbuka kwa majivuno. Ndiyo, alijivuna, na kifo hakitanifanya niseme uongo. Alikuwa mtoto wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, kofia yake imenyooka daima na maneno hayamwishi. Akiitwa ofisini kwenu, kwanza ataisema vibaya kompyuta, kisha aliyeinunua, kisha ninyi wenyewe. Alinichosha mara nyingi. Lakini nilipopata habari alfajiri ile nilikaa kitandani nikalia, na hata sasa ninapoandika moyo unaniuma.

Nilimjua katika ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huria, mashirika ya umma yakiuzwa na kila wiki kukiwa na fununu mpya za kupunguzwa kazi. Nilikuwa karani katika ofisi iliyotunza kumbukumbu za visima vya vijijini, kuanzia Ihumwa hadi kule Mtera. Wafadhili walituletea kompyuta zenye mfumo wa Unix, zote zikitegemea mashine moja kubwa, na tuliingia chumbani mwake tumevua viatu kama waumini, kwa kuliogopa vumbi letu. Aliyeingiza kumbukumbu za visima vyote katika mashine hiyo alikuwa mpiga chapa wetu, mama mmoja mjane, Mgogo, mpole, asiyejibizana na mtu.

Basi bosi akaletewa habari za wageni, na ninyi mnajua ofisi zetu zikisikia wageni. Mapazia yakafuliwa, mawe ya uani yakapakwa chokaa, na bosi akaamuru kompyuta nazo zisafishwe, ndani na nje. Kuna wenzetu walikuwa wamejaza picha za harusi humo. "Futa picha zote," alimwambia mama, akampa na neno la siri la msimamizi. "Hii ni ofisi ya serikali, siyo studio." Mama akatii. Alipomaliza za harusi akakuta folda imejaa vipicha vidogo vidogo: pipa la taka, penseli, bahasha, droo. Akashangaa nani kaleta upuuzi huu kazini, akavifuta vyote. Kumbe ndivyo vipicha ambavyo mfumo huvitumia kutuonyesha kila faili na kila programu! Asubuhi tulipowasha, skrini zote zilijaa viboksi vyeupe, vitupu. "Umefuta visima vya mkoa mzima!" bosi alifoka mbele yetu sote, na hazikupita dakika nyingi barua ya kumfukuza kwa kuharibu mali ya serikali ikawa imeshaandikwa. Mama alikaa sakafuni, pekupeku. "Nimekwisha mie," alisema. "Wanangu nitawaambia nini?"

Mwalimu alipigiwa simu, akaja kwa pikipiki kutoka Hombolo, alikokuwa akifundisha chuoni, mweupe kwa vumbi. Akaanza kama kawaida yake: "Haya, nani huyo bingwa aliyefanya maajabu haya?" Mama akanyoosha mkono. Mwalimu akamtazama, akanyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Akavuta kiti, akamkalisha mbele ya skrini.

"Rudisha vipicha upesi," bosi akasema. "Wageni wako njiani."

"Vipicha vitangoja, mzee. Njoo nawe ukae hapa."

Alifungua dirisha jeusi la maandishi, akamwambia mama herufi za kugonga, na mama akazigonga mwenyewe, vidole vikitetemeka. Majina ya mafaili yakateremka, kijiji baada ya kijiji. Akamfungulisha moja na kumwambia asome kwa sauti.

"Kisima kipo?"

"Kipo, mwalimu. Na kina chake kipo."

"Mzee, umesikia? Kazi yote ipo. Sasa neno la siri alipewa na nani?"

"Mimi."

"Na picha aliambiwa na nani afute?"

"Mimi, lakini sikuwa na maana ya zile!"

"Angejuaje? Chana hiyo barua. Tena uichane hapahapa, mbele ya hawa uliomfokea mbele yao. Hutaki, narudi Hombolo, na wageni wako waje watazame viboksi."

Bosi aliichana. Ndipo mwalimu alipotoa kanda ya akiba yenye vipicha vya mfumo kama wetu, aliyokuja nayo kutoka chuoni, akanakili vipicha mahali pake. Viboksi vikabaki vitupu vilevile! Akaguna, akailaani mashine, kisha akagundua kwamba vipicha vimerudi bila ruhusa ya kusomwa na watumiaji wa kawaida. Akavipa ruhusa hiyo, akatuambia tutoke kwenye mfumo na kuingia upya. Pipa la taka lilipotokea tulilipigia makofi.

Tangu hapo nimeshuhudia mafundi wengi, wapole kuliko yeye na wepesi kuliko yeye. Wanatengeneza, wanaondoka, na nyuma yao mtu anabaki na barua mkononi. Tumekuwa watu wa kutafuta wa kulaumiwa kabla ya kukitafuta kilichopotea, na wakati ule, kila mkuu akitafuta pa kuanzia kupunguza, lawama moja ilitosha kabisa kummaliza mtu.

Msibani, watani wake walikuwa wakimwigiza anavyotukana kompyuta, tukacheka huku tunafuta machozi. Mama yule alitoka upande wa wanawake akanijia, mvi kichwa kizima. Yeye alipunguzwa mwaka uliofuata ule wa vipicha, pamoja na nusu ya ofisi, na mwalimu hakuwa na la kufanya.

"Kazini walinitoa," aliniambia. "Lakini nilirudi kijijini nimepunguzwa kama wenzangu. Hakuna aliyewaambia wanangu kwamba mama yao ni mharibifu."

Ninyi mnaoitwa kutengeneza vitu vya watu, mkifika mtazameni kwanza anayetetemeka. Mashine haina watoto.