Tumbo Lililonyamaza

Wauguzi walimwita Bi Shaka, naye hakuchukia. Daktari huyu wa upasuaji hakumwamini mgonjwa, ndugu zake wala kipimajoto, mpaka mkono wake mwenyewe upite juu ya tumbo.

Kinyozi aliletwa asubuhi na kaka yake, amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Homa hana, tumbo laini. Kaka mtu alisema ni gesi. Mdogo wake, alidai, alizoea kudekezwa tangu utotoni.

Bi Shaka aliona uso uliovimba kama puto, mikono yenye mabaka ya damu iliyovilia, na moyo unaokwenda mbio. Aliuliza kuhusu dawa. Kinyozi alimtazama kaka yake kwanza, ndipo akasema hatumii chochote. Hapo Bi Shaka hakudanganyika. Alimtuma kaka kwenye dirisha la usajili, akavuta pazia.

"Unameza nini, baba? Mimi si mkeo, usinifiche."

Vidonge vya baridi yabisi, kinyozi alikiri, kila siku. Kaka, mwenye saluni, alishaapa kumwachisha kazi vidole vikivimba tena.

Uongo huo ungemuua. Vidonge vile hulaza walinzi wa mwili: utumbo unaweza kupasuka bila homa, tumbo lisikakamae. Picha ya eksirei ilionyesha hewa nje ya utumbo, pasipostahili. Bi Shaka hakuisimamisha dawa, maana mwili ulioizoea ungezimika mezani. Aliiongeza kwa dripu, akaanzisha dawa za kuua vijidudu, akaingia chumba cha upasuaji.

Utumbo mpana ulikuwa umetoboka. Alikata sehemu iliyooza, lakini hakuunga. Katika mwili usiopona upesi mshono ungeachia. Ncha ya utumbo aliitoa nje ya ngozi, akaifunika kwa mfuko wa kupokea choo.

Kaka alipouona mfuko, uso ulimbadilika.

"Tumeleta mtu mwenye gesi, tunarudishiwa mtu mwenye mfuko. Ulikuwa unajifunzia kwake?"

Bi Shaka alimeza tusi hilo. Siri ya mgonjwa haikuwa yake kuitoa, hata kwa kujitetea. Alimtazama kinyozi tu, naye akafumba macho, akayafumbua.

"Kaka, mwache daktari. Nilikuwa nameza vidonge. Nilikuficha." Akaitoa mikono chini ya shuka, vidole vimevimba.

Kaka aliitazama, kisha akauliza kwa upole mfuko utaondolewa lini. Baada ya miezi kadhaa, akajibiwa, kidonda kikikubali.

Bi Shaka hakuuamini upole wa ghafla. Alivuta kiti, akakaa, wala hakuondoka mpaka kaka aliponung'unika kwamba saluni inahitaji pia mtu wa kupokea wateja mlangoni.