Fungu la Kwanza la Nyasi

Jumamosi iliyopita chama chetu cha kusaidiana kilikwenda kumwezekea nyumba mjane mmoja anayeishi kando ya shamba la chai hapa Kericho. Kufikia saa nne asubuhi tulikuwa tumeng'oa nyasi zote kuukuu. Mpya zilikuwa uani, zimefungwa tayari. Basi wanaume kumi na wawili, mikono mizima, tukaketi.

"Mbona mmekaa?" mjane akauliza.

"Tunangoja mwenyekiti, mama," katibu akajibu. "Fungu la kwanza lazima aliweke yeye."

Jamani, nani huku hajui kwamba mvua huja saa nane? Nilisema hivyo mara tatu. Nikaambiwa niinue mkono kwanza.

Saa nane mvua ikamwagika juu ya kitanda, juu ya unga, juu ya kila kitu. Saa tisa mwenyekiti akafika kwa baiskeli, amevaa tai. Katibu akafungua daftari chini ya mwavuli, akaanza kuandika waliohudhuria.

Mjane, blanketi likimchuruzika maji, akamshika katibu mkono.

"Andika na mvua, mwanangu. Hiyo imekuja kwa wakati."

Tukacheka wote. Mjane hakucheka.