Fyuzi Kwenye Usukani

Fundi breki wa Tandale hana maneno mengi. Kila masika wenye pikapu zilizoagizwa Dubai humletea shida ile ile: kwenye tope la milima ya Goba, ABS, mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge, inaachia breki yenyewe, pedeli inatetemeka, gari halisimami. Yeye huchomoa fyuzi ya ABS na kuifunga kwa uzi mwekundu kwenye usukani. "Ukifika lami, irudishe," humwambia kila mmoja, mara mbili.

Juzi Khalfani, muuza nyanya, alimcheka. "Fundi, si umeshatengeneza? Wasiwasi wa nini?"

Fundi alipanda naye hadi Goba, kama anavyofanyaga kwa kila gari. Mteremko mzima alikaa upande wa abiria, mikono magotini, mguu wa kulia ukikanyaga sakafu tupu kana kwamba breki iko pale.