Mbogo Aliyemtazama Mjomba Hamisi

Nilipokuwa mtoto, mtu wa kwanza kuniambia kwamba mnyama anayekutazama usoni hapigwi mshale alikuwa mjomba wangu Hamisi, na alinifundisha kwa kutumia mbuzi wa bibi.

Kijiji chetu kiko chini ya milima ya Uluguru, upande wa mashariki, mahali ambapo mto unaacha kupiga kelele na kuanza kwenda taratibu kati ya mashamba ya mpunga. Mjomba alikuwa mdogo wake mama. Alikuwa na upinde aliourithi kwa mjomba wake, na wakati mpunga unapokomaa yeye ndiye aliyetegemewa kuwafukuza nguruwe pori. Siku hiyo alikuwa ananoa chembe za mishale uani, nikamuuliza huwa anawapiga wapi. Akamshika mbuzi, akauchukua mkono wangu na kuuweka nyuma ya bega la mbuzi. Nikahisi moyo unapiga.

"Hapa ni mlangoni," akasema. "Mshale ukiingia hapa, umeingia nyumbani."

Kisha akamgeuza mbuzi uso kwangu, akanigusisha kifua chake. Palikuwa pagumu.

"Hapa ni ukutani. Kuna kiupenyo kidogo tu hapa, chini ya shingo. Mtu mwenye shabaha anaweza kukipata, akiwa karibu sana."

"Na akikipata?"

"Mnyama hafi hapohapo. Atakimbia kwanza. Na mnyama aliyechomwa hukimbilia kule anakotazama. Haya niambie, huyu mbuzi anatazama wapi?"

"Ananitazama mimi."

"Basi. Ukiona hivyo, teremsha upinde, usimame kimya kama mti."

Hayo yalikuwa maneno ya mjomba. Wazee walikuwa na maneno mengine juu ya jambo hilohilo. Walisema mnyama akikugeuzia uso amekwisha kulijua jina lako, na si yeye aliyekuja, ametumwa. Na walisema uso wa mnyama huanzia nyumbani. Mwindaji akitoka, mwanamke wa nyumba yake hana budi kuketi ubavu mlangoni, asiuelekeze uso nje hata akipigiwa hodi, mpaka mwenyewe arudi. Akiketi ubavu, mnyama naye atampa mumewe ubavu. Akitazama nje, mnyama atatazama.

Mke wa mjomba tulimwita Mama Zuhura. Zuhura alikuwa bado ananyonya. Mama Zuhura hakuwa wa ukoo wetu, alitoka kijiji cha juu, karibu na msitu, na alikuwa mcheshi kuliko sisi wote. Lakini upinde ukitoka ukutani alikuwa akiketi ubavu bila kukumbushwa. Jirani akija, alimwitikia huku ametazama mafiga. "Karibu, pita kwa nyuma. Leo mimi ni kaa, natembea upande."

Mwaka huo akaja mbogo. Shuleni tulifundishwa kumwita nyati, lakini kwetu ni mbogo. Alikuwa dume mzee, peke yake, amepanda kutoka mbugani. Akaingia kwenye mpunga, akala na kukanyaga, kisha akalala kwenye matete kando ya mto kama mtu aliyepangishwa chumba. Watu wakaacha kwenda kwenye madungu yao ya kulindia mpunga. Bwana Nyama, yule askari wa wanyamapori, akapelekewa habari, akasema anakuja, na hakuja.

Asubuhi moja mjomba alikutana na yule mbogo kwenye kijia cha mto. Alikuwa na upinde mkononi na mshale umekwisha kupachikwa. Mbogo akasimama, akanyanyua pua, akamtazama. Mjomba akateremsha upinde. Wakakaa hivyo, halafu mbogo akageuka na kurudi kwenye matete. Mjomba akaja nyumbani, akamhadithia mkewe, na jasho lilikuwa bado linamtoka.

Kwa bahati mbaya, Athumani rafiki yake alikuwa nyuma yake na aliona yote. Athumani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapenda watu wacheke. Jioni, pale wanaume wanapochezea bao, akasimama na kuigiza. Mimi nilikuwa nimetumwa chumvi dukani, nikamwona.

"Mbogo kaja hivi," akasema, akatunisha shingo. "Hamisi kaja hivi. Mshale tayari, kamba imevutwa. Sasa mbogo kamtazama. Na Hamisi kwa adabu zake..." Akainama, akashusha mikono. "Shikamoo, mzee."

"Mbogo akasemaje?" mtu akauliza.

"Akasema, marahaba mwanangu, hawajambo nyumbani?"

Walicheka mpaka kete zikamwagika. Mjomba alikuwepo, naye akacheka. Lakini maneno hayo hayakuishia pale. Kesho yake watoto walikuwa wakimwamkia njiani, "Shikamoo mbogo!" na kukimbia. Hata wanawake kisimani walimuuliza Mama Zuhura kama mbogo amemjibu salamu zake. Mpunga ulikuwa unaendelea kuliwa, na kila aliyeliwa shamba alikuwa na la kumwambia mjomba.

Mjomba akaanza kula bila kuongea. Mama Zuhura aliliona hilo. Nakumbuka alimsogezea bakuli la mlenda na kumwambia, "Waache wacheke, baba. Mume wa kuchekwa bado napika, anakula. Sasa asiyechekwa akilala chini nitampikia nini?"

Mjomba akasema, "Wewe hujui wanavyosema."

"Najua. Wananisema na mimi."

Siku aliyotoka tena ilikuwa Jumamosi, sikuwa na shule. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Alimpitia Athumani, wakashuka pamoja. Mama Zuhura akaketi pale pale pake, ubavu mlangoni, anachambua kunde kwenye ungo, Zuhura mgongoni. Mimi nilikuwa namsaidia. Kuku wakaingia wakala kunde, mimi ndiye niliyewafukuza, yeye hakugeuka. Mtu akapiga hodi, akamwitikia akitazama ukuta. Zuhura akalia, akamzungusha mbele akamnyonyesha, bado ametazama ukuta. Nilikuwa mtoto wa aibu, mtu asiyesema sana huangalia sana, na mimi nilimwangalia asubuhi nzima. Hakugeuka.

Halafu tukasikia yowe kutoka mtoni. La kwanza la mtu mmoja, kisha la watu wengi.

Ndipo akageuka. Ungo ukaanguka, akasimama mlangoni uso nje, mkono kichwani. Na wakati huohuo jirani yetu alikuwa anatokea kwenye migomba, anakuja mbio, akamkuta amesimama hivyo.

Walimleta mjomba juu ya kitanda cha kamba. Sitaandika alivyokuwa. Bibi alimfunika kwa khanga yake mwenyewe kabla sisi watoto hatujafukuzwa, lakini khanga ilikuwa fupi.

Athumani alieleza akiwa amekaa chini. Walikuwa wanapita pembeni mwa matete, mbogo akatokea karibu, kama kutoka mlangoni hadi jikoni. Akawatazama. Athumani akasimama kama mti. Akamwona mjomba ananyanyua upinde, akamtikisia kichwa, hapana. Mjomba akamtazama, akatabasamu kidogo, akavuta.

"Nilimkataza," Athumani akarudia. "Wallahi nilimkataza kwa kichwa."

Bwana Nyama alikuja mchana huo, na bunduki. Haikuhitajika. Alimkuta mbogo amelala kwenye matete, amekufa. Mshale ulikuwa chini ya shingo, katika kile kiupenyo kidogo, umezama mpaka karibu na manyoya. Wanaume waliokwenda kuuona walirudi kimya. Nadhani wangefarijika kama mjomba angekosea. Hakukosea. Alipiga pale alipotaka kupiga, na mbogo akafa kama alivyopaswa kufa, ila alikuwa na pumzi ya kutosha kufika alikokuwa anatazama.

Tulimzika siku ya pili. Baada ya maziko, wazee wakakaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, nasi wanawake na watoto ndani, mlango wazi. Mkubwa wao alikuwa babu Shomari, kaka yake bibi. Kwetu kaka wa mama ndiye mwenye kauli, na babu Shomari ndiye aliyekuwa na kauli juu ya ukoo wetu wote.

Akasema, "Kijana wetu aliujua mwiko. Nilimfundisha mimi. Sasa mbogo alimgeuziaje uso mara mbili? Nauliza, nyumbani alibaki nani?"

Yule jirani akajibu taratibu, sidhani kwa nia mbaya, kwamba yeye alimkuta Mama Zuhura amesimama mlangoni, uso nje.

"Nilisikia yowe, babu," Mama Zuhura akasema kutoka ndani. Alikuwa amekwisha kufunikwa shuka nyeupe ya eda. "Niligeuka kwa yowe."

"Kila mtu atasema hivyo."

Sijui nilipata wapi sauti. Mimi niliyekuwa nikiitwa jina darasani najificha chini ya dawati. Nikasema, "Babu, ni kweli. Hakugeuka mpaka yowe. Nilikuwa naye."

"Mtoto hajaulizwa," akasema babu Shomari, wala hakugeuka kunitazama.

Ndipo bibi akasema. Alikuwa hajasema neno tangu khanga ile. Alikuwa amekaa karibu na mkwewe, magoti yao yanagusana.

"Shomari. Mbogo kumtazama mwanangu ni kazi ya mbogo. Mbogo ana macho. Kuachia kamba ni kazi ya mwanangu. Nimemzaa mimi, na mimi nasema ameiachia mwenyewe. Na kama mnatafuta aliyemsukuma mkono, mnamjua. Wote mlicheka."

Nje nilimwona Athumani anavuta kofia usoni.

Nilifikiri yamekwisha. Nilikuwa sijajua bado kwamba maneno ya kweli yanaweza kusikiwa na kila mtu na yasibadili kitu. Babu Shomari alikohoa, akasema anamheshimu dada yake mfiwa, lakini nyumba haiwezi kukaa na shaka. Mwanamke na mtoto wake waende wakakae eda kwao, juu. Kesho asubuhi. Bibi hakuwa na mtu mkubwa kuliko kaka yake wa kumwendea.

Kumtoa mjane katika nyumba ya eda ni jambo zito. Kila mtu barabarani huona shuka nyeupe na kujua kwamba huyu amefukuzwa. Na Zuhura ndiye aliyekuwa kitu pekee alichoacha mjomba.

Sasa nakaa mjini, Mwembesongo, nina mume na watoto wawili. Majirani zangu wametoka mikoa mbalimbali, na nikiwasimulia habari hii wengine hucheka, wanasema ni ushamba wa milimani. Mimi siwezi kucheka. Mwiko wa kutompiga mnyama usoni ulikuwa wa kweli. Mjomba aliujua kwa mikono yake, aliuweka mkono wangu mwenyewe juu ya mfupa ule. Siku aliyoufuata alirudi nyumbani na jasho lake, na siku aliyouacha aliletwa juu ya kitanda. Lakini wazee walikuwa wameuunganisha na mwiko mwingine, wa mwanamke na mlango, na siku ile walipotafuta pa kuuweka uchungu wao waliushika huo wa pili, kwa sababu ulikuwa mwepesi kubebwa. Wa kwanza ungewarudisha kwenye bao lao na vicheko vyao.

Mume wangu akitoka kwenda kazini huwa natafuta mahali pa kuketi, na kila mara najikuta nafikiri niketi vipi. Bado nafikiri. Siwezi kusema uongo.

Asubuhi ile aliyoitaja babu Shomari, wakati Mama Zuhura anafunga nguo zake ndani, nilichukua kigoda cha kuchambulia kunde, nikakiweka katikati ya mlango wa mbele, nikaketi. Sikuketi ubavu. Niliweka magoti na uso kuelekea nje, kwenye mikeka ya wanaume na njia ya kupanda mlimani. Babu Shomari akaniona.

"Wewe mtoto. Geuka."

"Shikamoo babu," nikasema.

Shikamoo haiachwi bila jibu. "Marahaba. Nimesema geuka."

Sikugeuka. Moyo ulikuwa unanipiga kama ule wa mbuzi. Mama Zuhura akatoka, nikainuka kumpisha. Akanishika kichwa kwa kiganja chake chote, akashuka kizingiti na kuwapita wanaume. Athumani alisimama kutaka kumpokea mzigo. Hakumpa. Nikaketi tena, nikamtazama anavyopanda na shuka yake nyeupe, kichwa cha Zuhura kimelala ubavu mgongoni mwake.

Nilikuwa bado nimeketi hivyo, kijia kimekwisha kuwa kitupu, niliposikia bibi anakuja nyuma yangu. Nikajua amekuja kunitoa. Akajishika ukutani, akajishusha taratibu mpaka kwenye kizingiti, kando ya kigoda changu, akanyoosha miguu yake mbele. Uso wake ulikuwa nje.