Mkwe Nyuma ya Kitabu

Mtu yeyote aliyeoa Mfilipino hapa Dubai ananielewa nikisema kwamba kona moja ya chumba chake si yake. Imekaliwa na katoni. Si katoni ya viatu, la, ni katoni ambayo mtu mzima anaweza kujificha ndani, na kila mwisho wa mwezi mke wako anaitumbukizia kitu cha kupeleka kwao: sabuni, kahawa, nyama ya kopo, taulo, raba za mpwa ambaye hujawahi kumwona. Ikijaa mnaikalia wawili ili ifunge. Watu wa meli wanaichukua, mnapumua, na juma lijalo imeletwa nyingine tupu. Nilikuwa nikinung'unika kwamba chumba cha kupanga Al Baraha si bohari, lakini kusema kweli nilimwonea wivu. Mimi watu wangu wa Kakamega nawatumia pesa kwa simu. Nabonyeza, khalas, hakuna hata harufu.

Basi siku moja katoni ikatoka kwao ikaja kwetu. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Ilikuwa ndogo, imezungushiwa utepe wa gundi mpaka rangi yake haionekani, na mke wangu alipiga magoti sakafuni akaanza kulia kabla hajagusa kisu.

"Fungua kwanza," nikamwambia. "Huenda ni matofali."

Akanirushia ndara.

Ndani mlikuwa na samaki wakavu walionukisha chumba kwa siku kadhaa, maembe makavu, na vitabu vya watoto, vimefungwa ndani ya magauni makuukuu ya mama yake ili visikunjike. Vilikuwa vitabu vyembamba vya picha, vya lugha yao. Nyumba za mianzi zimesimama juu ya nguzo, mashamba ya mpunga yamejaa maji, taa za Krismasi zina umbo la nyota, na nyati mweusi wa kulimia amelala matopeni kama tajiri siku ya Jumapili. Mke wangu alikaa pale chini akavinusa kimoja kimoja. Mimi nilisimama nikimtazama.

Mama mkwe alikuwa amevitafuta vitabu vile kwa sababu moja tu: mjukuu wake alikuwa anampotea. Binti yetu alikuwa na miaka minne, amezaliwa hapa hapa, na hawajawahi kukutana ila kwenye simu. Kila Jumapili walipigiana kwa video. Lola, ndivyo wanavyomwita bibi kwao, alikuwa akivaa gauni la kanisani na kujipaka poda kwa ajili ya simu hiyo. Mtoto alisema helo, akaonyesha meno, akakimbia. Angebaki aseme nini? Alikuwa na Kiingereza cha chekechea na katuni, na Kiswahili changu cha kuomba maji na kukataa kulala. Mimi na mke wangu tulioana kwa Kiingereza, tukagombana kwa Kiingereza, na mtoto akaokota kilichokuwa sakafuni. Siku moja mama mkwe alimwambia mke wangu, "Huyu mjukuu wangu ni picha ya kalenda. Mimi namtazama, yeye hanijui."

Na mimi nilikuwa wapi wakati wa simu hizo? Jikoni. Simu ikilia tu, mimi huyo.

Kwetu mama mkwe hatazamwi. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kichakani, wewe na suruali yako ya sikukuu, mpaka apite. Humpi mkono, huketi naye chumba kimoja. Si chuki hiyo, ndiyo heshima yenyewe, na kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyomkimbia. Baba yangu alimkimbia mama wa mama yangu miaka yote, wakiishi ng'ambo mbili za mto mmoja, na wazee wanasema alimtazama usoni mara ya kwanza siku alipomfukia. Hakuna mkwe aliyesifiwa kama yeye. Kwa hiyo nilipokuwa nikisimama kati ya friji na jiko la gesi kila Jumapili nikitoka jasho, nilijiona kijana mwenye adabu kuliko wote mtaa mzima wa Deira.

Mke wangu alianza kumsomea mtoto vile vitabu asubuhi, akaona haviingii. Alikuwa na haraka ya kumpeleka chekechea, kisha yeye mwenyewe akimbilie saluni alikokuwa akitengeneza kucha za wenyewe hadi jioni. Mimi nilibeba mizigo ya wageni hotelini Al Barsha, zamu ya alfajiri, na mchana nilirudi kukaa na mtoto. Nilijaribu kumsomea. Maneno niliyatamka vizuri tu, irabu zao hazina ukorofi, ila maana sikuwa nayo hata chembe. Mtoto akiuliza nyati amefanya nini, nasema amechoka. Kila ukurasa nyati alikuwa amechoka. Hatimaye akaniambia, "Daddy, hata wewe umechoka," akakifunga.

Ndipo mke wangu akapata wazo. Mama yake angesoma mwenyewe kwa simu, kila siku saa kumi jioni ya hapa, ambayo kwao ni saa mbili usiku. Simu ingeegemezwa kwenye kopo la sukari, na mtu angekishika kitabu mbele ya kamera na kufungua kurasa, maana mama hakuwa na nakala nyingine.

"Mtu nani?" nikauliza.

Akaniwekea kitabu mkononi.

"Haiwezekani," nikasema. "Mimi na mama yako, uso kwa uso, kila siku? Unataka nilaaniwe?"

"Basi mtoto asimjue bibi yake," akasema, "kwa sababu ya adabu yako."

Tuligombana vibaya siku ile. Nilisema mengi kuhusu mila na watu wasiokuwa nazo. Akaniacha nikamaliza, kisha akaniambia jambo alilokuwa amelificha muda mrefu. Mama yake aliamini kwamba namdharau. Kwao mkwe anayeipenda familia hujileta mbele, anasalimia, anacheka na wazee. Huyu wa bintiye, Mwafrika, anatoroka simu ikilia. Mama mkwe alikuwa amejiambia kwamba mimi ndiye ninayemzuia mtoto asiwe wa kwao, na kwamba vitabu vile ndivyo vilivyokuwa jaribio lake la mwisho.

Salale! Iliniuma sana. Miaka yote mimi namwinamia mtu, na yeye anahesabu nampa mgongo. Nilimpigia mama yangu Kakamega nikitumaini ataniruhusu. Hakuniruhusu.

"Mkwe ni mkwe hata akiwa mwezini," akasema. "Usimtazame, baba. Lakini mtoto naye lazima amjue nyanya yake. Tumia akili."

Nikatumia akili. Saa kumi ilipofika niliketi sakafuni mbele ya simu, nikakiinua kitabu kwa mikono miwili mpaka kikaniziba uso wote. Mama mkwe aliona kitabu na vidole kumi. Mimi niliona nyuma ya jalada. Mtoto alikaa pembeni anakoona kurasa na bibi. Yalla, tukaanza.

Sauti yake sikuitarajia. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka shamba la mbali, na alisoma taratibu, akingoja. Nyati akikoroma, yeye alikoroma. Mvua ikinyesha, alipiga ulimi mpaka mtoto akaangalia dirishani. Siku za kwanza binti yetu alikaa kidogo akaenda zake, na mimi nikabaki nimeinua kitabu mbele ya mama wa watu, hakuna mtoto, na yule mama anaendelea kusoma bila kuchoka. Masanduku ya wageni hayajawahi kunichosha mikono kama vile vitabu vya kurasa ishirini. Lakini sikukishusha. Juma la pili mtoto alikaa mpaka mwisho. Baada ya hapo akaanza kukoroma pamoja na bibi. Kisha akaanza kujibu. Sijui ni siku gani lugha ile ilimwingia. Najua tu kwamba siku moja nilisikia watu wawili wanaongea, na mmoja wao alikuwa mwanangu.

Na mimi pia, huko nyuma, nilikuwa nakula makombo. Neno hili, neno lile. Siku moja nyati alimkalia mwenye shamba kofia yake, mama mkwe akasema kitu kwa sauti ya yule mwenye shamba, nikacheka. Kitabu kikatikisika. Kusoma kukakoma.

"Lola anauliza nani anacheka," mtoto akaniambia. Kisha akamjibu mwenyewe. Kisha akanigeukia tena. "Anasema ushushe kitabu."

Sikushusha. Nilikibana zaidi mpaka pua ikagusa karatasi. Jioni nilimwambia mke wangu, tafadhali, mweleze mama yako vizuri, kila kitu, kichaka na mto na baba yangu. Walizungumza kwa simu muda mrefu, mke wangu akiwa kitandani, mimi jikoni kama kawaida. Nikasikia kicheko, halafu nikasikia mama mkwe analia.

Kesho yake nimekaa na kitabu changu, mtoto akaanza kucheka hata kabla hatujaanza. Nikamuuliza kuna nini. Akasema Lola amejiziba uso kwa upepeo.

"Anasema kama wewe unamheshimu, na yeye anakuheshimu. Sasa mko sawa."

Basi ndivyo tulivyosoma, mimi nyuma ya kitabu, yeye nyuma ya upepeo akichungulia maandishi kwa upande, na mtoto katikati akituona sote wawili. Nimeishi Dubai miaka mingi na nimeona maghorofa yakiota kama uyoga, lakini nikiambiwa nichague saa moja ya kurudishiwa, nitachagua saa kumi ya Al Baraha, kiyoyozi kinakoroma, harufu ya samaki wakavu haijaisha, na ile sauti. Siku hizi tunaishi Silicon Oasis, tuna sebule na hata balkoni, binti yetu anavisoma vitabu vile kwa watoto wa jirani, Wafilipino wenzake waliozaliwa hapa na wasiojua nyati ni nini. Mama mkwe hayuko tena. Namkumbuka kuliko nilivyodhani mtu anaweza kumkumbuka mtu ambaye hajawahi kukaa naye.

Binti yetu alikuwa ameanza darasa la kwanza mama mkwe alipougua kifua. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, sauti ikawa imekwisha. Mke wangu alisema tupumzishe kusoma mpaka apate nafuu. Lakini saa kumi ilipofika simu ikalia. Alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, anaweza kunong'ona tu. Mtoto akamwambia kwa lugha yao, na mimi nikaelewa, "Lola, leo wewe nyamaza. Nitasoma mimi."

Nilichukua kitabu cha nyati. Msomaji sasa alikuwa mtoto, kwa hiyo nilikigeuza kumwelekea yeye, nikakishika chini karibu na mapaja yake aone maandishi. Akaanza. Alifuata mistari kwa kidole, akikwama, akirudi nyuma, akikoroma pale bibi alipokuwa akikoroma. Kisha akasoma ukurasa mzima bila kosa, na mimi nikajawa na fahari mpaka nikasahau kila kitu. Nikainua macho ili nimwone bibi yake anavyofurahi.

Kitabu hakikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimeketi peupe, na mama mkwe wangu alikuwa akinitazama. Mkono wake haukuwa na nguvu ya kuinua upepeo. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, mashavu yameingia ndani, na macho yalikuwa ya mke wangu yale yale. Miguu iliniambia simama, kimbilia jikoni. Lakini kitabu kilikuwa mikononi mwangu, na ningesimama, mtoto angekatizwa. Nikabaki pale, nikafungua ukurasa.

Binti alipomaliza, bibi yake alinyoosha kidole akagusa kioo cha simu, mahali uso wa mtoto ulipokuwa, akakiacha hapo muda. Kisha akanigeukia mimi.

"Kumain ka na?" akanong'ona.

Sikuhitaji mkalimani. Watu wa vitabu vile wakikutana hawaulizani habari. Wanaulizana: umekula?

"Bado, Mama," nikamjibu kwa lugha yake. Hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia.

Akamwambia mtoto aniletee sahani. Wueh! Kwetu unaweza kusamehewa kumwona mama mkwe kwa bahati mbaya, lakini kula mbele yake, taya zikicheza, hakuna faini ya mbuzi inayoondoa aibu hiyo. Nilitaka kusema nimeshiba. Mtoto alikuwa amekwisha kuja na wali wa mchana na kipande cha samaki, akaniwekea miguuni, akasimama kunilinda nisitoroke.

Nikamega tonge. Nikala. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa na wali na kwa sababu sikuona haya tena. Mama mkwe alinitazama tonge kwa tonge mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Mwongezee," akamwambia mjukuu wake.