Nilitolewa Chumbani Kupitia Paa Kule Mtoni, Ndipo Nikaielewa Marko 2

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa dini zote na msio na dini.

Uzi huu nimeukalia miaka mingi. Leo kanisani kimesomwa kile kisa cha mgonjwa aliyeshushwa kwa kamba kupitia darini, nikashindwa kutulia kwenye benchi. Mke wangu akanifinya, "Tulia basi, watu wanatuangalia!"

Nimefika nyumbani hata kula sijala, nimeshika simu. Chumvi sitaongeza, maana kilichonipata kina chumvi yake tayari.

Kwa wasiokijua hicho kisa: Yesu yuko ndani ya nyumba kule Kapernaumu anafundisha, watu wamejaa mpaka mlangoni. Wanakuja watu wanne wamembeba mwenzao aliyepooza. Hakuna pa kupita. Basi wanapanda juu, wanatoboa paa, wanamshusha na kitanda chake mpaka mbele ya Yesu. Anapona, anabeba kitanda chake, anaondoka kwa miguu yake.

Twende sasa.

Mie ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Dar nilikuja kijana, miaka ya tisini hiyo, nikapata kazi kwenye karakana ya samani Keko. Enzi za ruksa hizo, wakuu. Televisheni ndo zimeingia mjini, na kila aliyeipata anataka na kabati la kuiwekea. Tulikuwa tunagonga makabati asubuhi mpaka jioni, ya vioo, ya droo, mengine makubwa kama chumba cha mtu.

Moja ya hayo makubwa ndo liliniangukia. Tulikuwa tunalipakia kwenye pikapu, kamba ikakatika, nikawa chini yake.

Paja likavunjika vibaya. Hospitali wakanifunga plasta ngumu kuanzia kiunoni mpaka kwenye vidole vya mguu. Mnaojua ile plasta mnajua. Hukai, huinami, hugeuki. Unakuwa ubao.

Nilikuwa nimepanga chumba Mtoni, nyumba ya Mzee Nassor. Huyu alikuwa Mwarabu wa pale pale, kazaliwa Mtoni, duka lake liko mbele ya nyumba na sie wapangaji tuko nyuma. Mkewe tulikuwa tunamwita Bi Zuwena.

Mzee Nassor alikuwa mkali, wakuu, siwafichi. Ukipigilia msumari ukutani kwake utaeleza umepigilia kwa idhini ya nani. Na mwaka ule alikuwa ameezeka nyumba yote kwa bati mpya, zinang'aa mpaka unafumba macho. Watoto wakirusha jiwe likagusa bati, anatoka dukani na bakora.

Chumba cha jirani na changu alikaa Sefu, fundi mwenzangu wa Keko. Mzaramo, mtu wa utani sana. Huyo ndo alikuwa ananiosha, ananigeuza, ananiletea chai. Chakula cha mchana kilitoka kwa Bi Zuwena.

Sasa, ishu yangu ya imani.

Siku moja alikuja kuniona kaka mmoja wa kanisani kwetu. Mtu mzuri tu, alikuja na machungwa. Akanisomea kisa hicho hicho cha Marko, akanishika mkono, akasema, "Ndugu yangu, huyu aliamka. Wewe ukiamini sawasawa utaamka. Kinachokukwamisha kimo ndani yako. Imani yako bado ndogo."

Akaondoka, akaniacha na hilo neno.

Jamani, niliomba! Niliomba mpaka taya zinauma. Kila nikimaliza najaribu kutikisa mguu. Mguu kimya. Nikaanza kujiona mie ndo tatizo. Kijana nimelala, ubao, halafu na imani sina. Sefu akija na utani wake namnunia.

"We Daudi umekula ndimu?" ananiuliza.

Nageuzia uso ukutani.

Basi ikaja ile masika. Mvua ilipiga usiku kucha, na kulipokucha Ijumaa bado inapiga. Vyumba vya kule nyuma vilikuwa vya miti na udongo, vimepakwa saruji kwa nje tu. Mbele, upande wa duka, ndo kulikuwa na matofali.

Asubuhi maji yakaingia koridoni. Wapangaji wakaanza kuhamisha vitu vyao kupeleka mbele. Kwenye saa saba Sefu, kanzu kashavaa ila msikitini hajaenda kwa ajili ya haya maji, akachungulia kwangu akasema, "Wanaume wakitoka swala ya Ijumaa naja nao tukubebe. Peke yangu sikuwezi."

Nikamwambia poa.

Hakuwa amefika mbali. Nikasikia mlio kama lori linamwaga kokoto. Ukuta wa chumba cha mkabala ulikuwa umeangukia koridoni, udongo na miti na kila kitu, ukafunga mlango wangu mpaka juu. Na maji nayo yakakosa pa kupita, yakaanza kujaa kwangu.

Nikaona ndoo yangu inaelea. Kandambili zinaelea. Biblia ilikuwa kwenye stuli pembeni, ikaenda na maji.

Wakuu, sijawahi kuogopa vile. Kukimbia unajua, ila mwili umefungwa kwenye plasta! Ukuta wa pembeni yangu ulikuwa umeanza kupasuka, ufa unatembea naona kwa macho.

Sefu akaja kwenye dirisha kwa nje. Dirisha lenyewe dogo, lina nondo, na mtu asiyeinama hapiti hata ukizikata. Akaniangalia, kwa mara ya kwanza nikamwona hana utani.

"Daudi, usilale! Niongeleshe, nakuja."

"Mlango umezibwa," nikamwambia.

"Najua. Tukichimba, na huu ukuta wako unakuja. Ngoja."

Akapotea. Mie nikaanza kuimba pambio ili asikie niko hai. Sauti yenyewe ya kutetemeka, mbuzi ana nafuu.

Wanaume ndo walikuwa wanatoka msikitini. Nikasikia miguu inakanyaga maji, watu wengi, wanazunguka nyumba. Halafu nikasikia sauti ya Sefu, nje ya dirisha pale pale:

"Mzee Nassor, njia ya pembeni hakuna. Ni juu tu. Ni bati."



Mvua inapiga, kwenye dirisha naona watu wote wanamwangalia mzee. Mie ndani nimeacha kuimba. Nilimjua yule mzee, na nilizijua zile bati.

Halafu akafoka, sauti ile ile ya kufukuzia watoto: "Sasa mnanitazama nini? Toeni! Bati hununuliwa, mtu hanunuliwi! Lete mtaimbo! Wembamba wapande, wanene bakini chini mpokee!"

Haaa! Wakuu, hata sasa naandika mwili unasisimka!

Nikasikia vishindo juu. Misumari inalia kwii, kwii. Bati ya kwanza ikafunuka, mvua ikanimwagikia usoni, na mwanga. Nikaona mbingu pale palipokuwa na paa. Na kwenye ule mwanga nikaona wanaume wanne, wamepigilia kanzu nyeupe zimelowa chapachapa, wameshikilia kenchi, ile miti inayobeba paa. Mmoja ni Sefu. Wawili ni vijana wa mtaani nilikuwa nawafahamu kwa sura tu.

Wa nne ni Mzee Nassor mwenyewe. Amekaza kanzu kiunoni, ana mtaimbo mkononi.

Alikuwa mwembamba, ni kweli.

Sefu akakata papi mbili, zile mbao za kupigilia bati, kwa msumeno, akaruka ndani, maji yakamfika magotini. Wakamshushia ubao wa kufungia duka, ule mpana. Akaniviringisha na kanga za Bi Zuwena, akanifunga kwenye ubao kama wanavyofunga godoro kwenye gari. Halafu akapiga kelele, "Vuta!"

Nikapanda.

Nikapita kwenye lile tundu, mvua inanichapa, juu yangu mzee wa watu anavuta kamba anasema "Bismillah, bismillah," na mie najibu "Yesu, Yesu," na hakuna aliyemkataza mwenzake.

Wakanitelezesha juu ya bati mpaka upande wa mbele, mikono ya walio chini ikanipokea. Sefu ndo alikuwa anapandishwa mwisho. Wamemweka chini tu, ukuta wangu ukalala. Uliangukia pale pale kilipokuwa kitanda.

Mzee Nassor akakaa chini kwenye tope na kanzu yake ya Ijumaa.

Wakanilaza sebuleni kwake. Sio stoo, sio barazani, wakuu. Sebuleni, pale wanapokaa wageni wao. Plasta ilikuwa imelainika, wakanipeleka hospitali ikafungwa upya, nikarudishwa pale pale sebuleni.

Sefu aliokota Biblia yangu kwenye tope. Bi Zuwena akaichukua bila kuambiwa, akawa anaikausha ukurasa mmoja mmoja kwa pasi ya mkaa, taratibu, ameweka kitambaa juu isiungue. Siku aliyonirudishia akaniambia, "Mwanangu, imevimba kidogo, lakini maneno yote yamo."

Nikaifungua Marko 2. Nilitaka nigombane nayo, nisiwe muongo. Nilitaka nijue kwa nini yule aliamka na mie sikuamka.

Nikasoma. Nikafika pale Yesu anapowaona.

Nikarudi nyuma, nikasoma tena.

Imani YAO!

Wakuu, pameandikwa "yao"! Yesu aliiona imani yao! Wale wabebaji! Mgonjwa mwenyewe mpaka hapo hajafungua hata mdomo! Hatujui alikuwa anaamini au alikuwa amenuna kama mie!

Nikaanza kucheka peke yangu. Nikapiga kelele, "Yao! Yao!" Kama si ile plasta ningeruka nikagonga dari ya watu.

Mzee Nassor akatoka dukani mbio. "Kuna nini? Umeumia?"

"Shikamoo mzee, hapana, kaa nikusomee."

Akakaa, akajiegemeza, nikamsomea kisa chote kwa sauti. Alivyosikia wametoboa paa akainua mkono.

"Simama hapo. Nabii Isa yumo ndani, na hao wanatoboa?"

"Ndiyo mzee."

"Na mwenye nyumba? Alisemaje?"

Nikatafuta. Nikasoma mbele, nikasoma nyuma. Hakuna.

"Mzee, kitabu hakisemi kitu."

Akafikiri. Halafu akasema taratibu, "Basi hakulalamika. Angelalamika angeandikwa. Watu hawaachi kuandika lalamiko."

Akanyanyuka, akarudi kwa wateja wake.

Nimelelewa kanisani, shule ya Jumapili sikukosa, nimechora mpaka picha ya kile kitanda na kamba zake. Sikuwahi hata siku moja kumfikiria yule mtu! Udongo unamdondokea kichwani mbele ya wageni, paa lake linatoboka mchana kweupe, naye amekaa kimya ili mtu asiyemjua apite. Siku ile ndo nilimjua, kwa sababu nilikuwa nimelala sebuleni kwa mtu kama yeye.

Naongeza kidogo.

Nilikaa pale mpaka plasta ikatolewa. Nikaanza na magongo, baadaye fimbo. Sikuamka ghafla, niliamka polepole, na mpaka leo nachechemea mvua ikitaka kunyesha. Lakini natembea.

Kaka wa machungwa alikuja tena. Sikumgombeza. Nilimpa tu Biblia iliyovimba nikamwonyesha neno moja. Alilisoma, akalisoma tena, macho yakamjaa machozi. Akasema, "Daudi, nilikubebesha mzigo uliokuwa wangu mie kuubeba."

Mvua zilipokatika, kuta zikajengwa tena kwa tofali. Mafundi wote wa karakana yetu tukaenda Jumapili mchana kuezeka, mie nimekaa chini na gongo nanyoosha misumari, kaka wa kanisani ameshika ngazi.

Na Mzee Nassor? Alisimama chini siku nzima, jua kali, anafoka: "We Sefu! Hiyo bati imepinda! Mnyakyusa, mwambie huyo fundi wako hajui kazi! Nani amekanyaga pale?"

Tulikuwa tunacheka mpaka tunaogopa kudondoka. Bi Zuwena akaleta juisi ya ukwaju, akamwambia mumewe, "Waache watoto wafanye kazi, wewe."

Marko hasemi kama wale wanne walirudi na udongo kulitengeneza lile paa. Mie naamini walirudi. Watu wa aina ile wanarudigi.

Nilichojifunza, wakuu: ukimkuta mtu amelala, usimpime imani yake. Shika pembe moja ya kitanda. Na kama huna nguvu za kubeba, basi kubali paa lako litobolewe, na usilalamike mpaka mtu apite. Siku ya kuezeka ndo ufoke.

Mzee Nassor alishatangulia mbele za haki, Mungu amrehemu. Bi Zuwena yupo, mzee sana sasa. Idi haipiti sijaenda kumwamkia, na Krismasi haipiti hajaniuliza pilau langu liko wapi.

Haya, uwanja ni wenu. Wataalamu wa Maandiko nisahihisheni nilipokosea. Ila kabla ya kunisahihisha, kila mmoja atutajie kwanza: wewe ulipolala, nani alikubeba, na paa lilikuwa la nani?